Oksijeni Ikizidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uharibifu wa Utando wa Mishipa ya Damu ya Mapafu

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uuguzi, wazamiaji, na zaidi ya wote ndugu wanaokaa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyewekewa oksijeni. Wengi hufika wakiwa na mojawapo ya mawazo mawili: kwamba oksijeni haiwezi kumdhuru mtu, au kwamba ukishawekewa oksijeni basi ndiyo safari ya mwisho. Yote mawili si kweli, na yote mawili yana gharama. Ukurasa unaanza na mambo ya msingi, unaingia ndani ya utando wenyewe, kisha unamalizia na hali za pekee.

## Mambo ya msingi

Oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Inawezaje kudhuru?

Kwa sababu ni kemikali yenye nguvu, na mwili umejengwa kuikabili kwa kiwango fulani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Seli zetu zina kinga inayotosha kiwango hicho na ziada kidogo. Mtu akipumua oksijeni asilimia 80, 90 au 100 kwa saa nyingi, kinga hiyo huzidiwa.

Shaka hii si ya leo. Joseph Priestley, aliyeitenga gesi hii mwaka 1774, aliona mshumaa ukiungua upesi zaidi ndani yake, akajiuliza kama mwili nao hautaishi haraka kuliko inavyofaa. Mwaka 1899 daktari James Lorrain Smith alionyesha kwa wanyama kwamba oksijeni nyingi inayopumuliwa kwa muda mrefu huwasha mapafu na kuyajaza maji. Tangu hapo jambo hili halina ubishi. Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina dozi yake.

"Utando wa mishipa ya damu ya mapafu" ni kitu gani hasa?

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa vinavyohesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na mtandao wa mishipa midogo kabisa ya damu, yaani kapilari. Kati ya hewa iliyo ndani ya kifuko na damu iliyo ndani ya kapilari pana ukuta wa tabaka tatu tu: seli bapa za kifuko upande wa hewa, utando mwembamba wa protini katikati, na seli bapa za endotheliamu zinazotandika kapilari upande wa damu. Penye wembamba zaidi, tabaka zote tatu kwa pamoja hazifiki nusu ya elfu moja ya milimita.

Wembamba huo ndio unaoiwezesha oksijeni kupita upesi hadi kwenye damu, na wembamba huohuo ndio udhaifu wake. Kazi ya ukuta ni ngumu kuliko inavyoonekana: uruhusu gesi ipite bila kizuizi, huku ukizuia maji na protini za damu zisimwagikie ndani ya vifuko. Ukivuja, mtu huanza kuzama kutoka ndani.

Katika ukurasa huu neno "utando" lina maana ya ukuta huo wote, lakini mkazo uko kwenye endotheliamu, kwa kuwa ndiyo inayoathirika mapema na kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini mapafu yanaumia kwanza, na si figo au moyo?

Mtu mwenye afya anapopumua hewa ya kawaida, himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, kwenye damu yake ya ateri tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 97 au 98. Ukimpa oksijeni tupu, himoglobini haina tena nafasi ya maana ya kubeba zaidi. Ziada inayoongezeka ni ile inayoyeyuka kwenye maji ya damu, nayo ni ndogo: takriban mililita 1.5 hadi 2 kwa kila mililita 100 za damu, ukilinganisha na mililita 20 hivi zilizobebwa na himoglobini. Kwa hiyo damu ikifika kwenye figo au misuli, tishu huinywa ile ziada na kiwango hushuka karibu na kile cha kawaida.

Mapafu hayana ahueni hiyo, kwani yako uso kwa uso na gesi yenyewe. Kanieneo ya oksijeni, yaani nguvu ya msukumo wake, ndani ya kifuko cha hewa kwa kawaida ni kama milimita 100 za zebaki. Kwa mtu anayepumua oksijeni tupu kwenye usawa wa bahari hufikia 670 hivi. Seli za kapilari za mapafu huishi ndani ya kanieneo hiyo kila dakika, saa baada ya saa.

Oksijeni "nyingi kupita kiasi" ni kiasi gani?

Mambo mawili huhesabiwa pamoja: kanieneo ya oksijeni na muda. Kwenye usawa wa bahari, wataalamu wengi huiona oksijeni ya asilimia 50 hadi 60 kuwa mpaka ambao chini yake mapafu ya mtu mzima huvumilia kwa siku nyingi bila madhara ya wazi. Juu ya hapo saa zinahesabiwa. Mpaka huu haukuchorwa kwa rula. Mapafu yenye nimonia au yanayovutwa kwa nguvu na mashine huchoka mapema zaidi.

Kinachodhuru ni kanieneo kuliko asilimia, na mfano mzuri kuliko yote unatoka angani. Mwezi Desemba 1965 wanaanga Frank Borman na Jim Lovell waliishi karibu siku 14 ndani ya chombo cha Gemini 7 wakipumua oksijeni tupu, asilimia 100, na mapafu yao hayakuharibika. Siri ni kwamba kanieneo ya hewa ndani ya chombo ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya usawa wa bahari. Mtu angepumua gesi hiyohiyo duniani kwa siku 14 mfululizo, angekuwa katika hatari kubwa ya kufa.

## Ndani ya utando: uharibifu hutokeaje?

Radikali huru ni nini, na zinatoka wapi?

Ni molekuli zenye elektroni moja isiyo na mwenzake, kwa hiyo huinyakua kutoka kwa molekuli ya jirani, na jirani naye akabaki na upungufu uleule. Oksijeni inapotumika kwenye mitokondria, vijiwanda vya nishati vya seli, sehemu ndogo ya elektroni huponyoka na kuunda superoksaidi. Vimeng'enya hugeuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, na ile peroksaidi ikikutana na chuma kilicho huru ndani ya seli hutoa haidroksili, ambayo ni kali kuliko zote na hushambulia chochote kilicho karibu: mafuta ya kuta za seli, protini, hata DNA.

Hutokea kila siku kwa kiasi kidogo, nasi tuna askari wa kuzima moto huo: vimeng'enya viitwavyo superoksaidi dismutasi, katalasi na vile vya glutathioni. Kanieneo ya oksijeni ikipanda, uzalishaji wa superoksaidi hupanda nao. Endotheliamu ya mapafu ina chanzo kingine pia, kimeng'enya cha kwenye kuta za seli kinachotengeneza superoksaidi makusudi kwa ajili ya kupeleka ishara, nacho huchochewa na oksijeni nyingi. Kadhalika superoksaidi hukutana na naitriki oksaidi, gesi ambayo mishipa huitumia kujilegeza, zikaungana kuwa peroksinaitriti. Hapo mshipa umepoteza mara mbili, kwa kuwa dawa yake ya kujilegeza imepungua na mahali pake pamekuja sumu.

Mwaka 1954 Rebeca Gerschman na Daniel Gilbert walitoa hoja kwamba sumu ya oksijeni na madhara ya mionzi ya eksirei hufuata njia moja, ile ya radikali huru. Wakati huo wengi hawakuikubali. Ugunduzi wa kazi ya superoksaidi dismutasi, uliofanywa na Joe McCord na Irwin Fridovich mwaka 1969, ndio ulioipa hoja ile miguu ya kusimamia.

Radikali hizo zinaufungua vipi utando?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria seli za endotheliamu kama mawe bapa yaliyopangwa kwenye sakafu, kila moja limeshikamana na jirani yake kwa vifungo vya protini. Kifungo kikuu huitwa kadherini ya endotheliamu. Sehemu yake moja hutokeza nje na kushikana na kadherini ya seli ya jirani, sehemu nyingine imefungwa ndani kwenye nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Mradi vifungo vimekaza, protini kubwa za damu kama albumini hupita kwa shida sana.

Jambo la kwanza radikali zinalofanya si kuua seli. Huvuruga ishara zake. Kalsiamu huingia ndani ya seli kupita kiasi, vimeng'enya vinavyowasha na kuzima protini nyingine hupoteza utaratibu, na nyuzi za aktini zilizokuwa zimetandazwa pembeni hujikusanya kuwa kamba nene zinazovutana. Seli hujikunyata. Wakati uleule kadherini hulegea, baadhi yake huvutwa kurudi ndani ya seli. Kati ya seli mbili zilizokuwa zimegusana pakabaki mwanya. Juu ya hayo, ule ute mwembamba wa sukari na protini unaofunika uso wa endotheliamu upande wa damu huanza kumomonyoka, na mlango ukabaki bila pazia.

Hadi hapo uharibifu unaweza kurudi nyuma. Seli ziko hai na zinaweza kujinyoosha tena. Oksijeni ikiendelea, hatua ya pili huja. Mafuta ya kuta za seli huoza kwa radikali, mitokondria hupasuka, seli huvimba na kufa. Kapilari hubaki na mapengo halisi, utando wa katikati ukiwa wazi kwa damu. Hatua hii haitibiki kwa saa chache.

Seli nyeupe za damu zinahusikaje?

Huja kuzima moto na huongeza kuni. Endotheliamu iliyojeruhiwa huvaa juu ya uso wake protini za kunasa, na seli nyeupe aina ya nyutrofili zikapita na kukwama. Nyutrofili zina silaha za kuulia vijidudu, yaani superoksaidi zaidi na vimeng'enya vya kukata protini, nazo huzimwaga hapohapo. Uvimbe unaofuata huharibu hata sehemu ambazo oksijeni peke yake ingeziacha. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba kuzipunguza nyutrofili hupunguza sehemu ya uharibifu tu, kwa hiyo si wao peke yao wenye lawama.

Utando ukishavuja, nini hufuata?

Mwanzoni maji na protini hujikusanya kwenye nafasi nyembamba kati ya kapilari na kifuko, na mirija ya limfu huyanyonya na kuyaondoa. Mapafu yana akiba kubwa ya uwezo huo, ndiyo maana mtu anaweza kuwa anavuja bila kuhisi kitu. Limfu ikizidiwa, maji huingia ndani ya vifuko vyenyewe.

Protini za damu zikifika huko, zinaharibu safaktanti, ute unaozuia vifuko visijifunge kila tunapotoa pumzi. Vifuko hunywea. Protini nyingine hugandamana na mabaki ya seli zilizokufa na kutandika ukuta kama gundi. Oksijeni sasa haipiti vizuri, kiwango kwenye damu kinashuka, na wahudumu wanalazimika kuongeza oksijeni, ileile iliyochangia tatizo. Mzunguko huu ndio unaowatisha madaktari wa wagonjwa mahututi.

Huchukua muda gani?

Kwa panya waliowekwa kwenye oksijeni tupu picha inajulikana vizuri. Siku ya kwanza na nusu ukiangalia kwa hadubini huoni mengi, ingawa ndani ya seli mambo yamekwisha kuanza. Baada ya hapo uvimbe huingia kwa kasi. Ifikapo saa ya 60 karibu nusu ya seli za endotheliamu za kapilari zimekufa. Wengi hufa kati ya saa ya 60 na ya 72. La kushangaza ni kwamba seli bapa za upande wa hewa huwa zimeathirika kidogo tu kwa wakati huo. Mshipa ndio unaoanguka kwanza.

Binadamu ni mvumilivu zaidi ya panya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1945, watu wenye afya waliopumua oksijeni tupu kwa saa 24 wengi wao walipata maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, wakati waliopumua asilimia 50 kwa muda uleule hawakuyapata. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 1983, uliosha mapafu ya watu wenye afya baada ya saa 17 hivi za oksijeni ya zaidi ya asilimia 95, na ukakuta albumini imeongezeka kwenye maji yaliyorudi. Yaani utando ulikuwa umeanza kuvuja kabla hata ya siku moja kuisha. Uvujaji huo ulirekebika.

Utando unaweza kupona?

Ndiyo, na mara nyingi hupona, ikiwa oksijeni imepunguzwa mapema. Seli za endotheliamu zilizobaki hugawanyika na kuziba mapengo. Upande wa hewa kuna seli nene, zilezile zinazotengeneza safaktanti, ambazo huzaliana na baadaye kugeuka kuwa seli bapa mpya.

Uharibifu ukiwa mkubwa au wa muda mrefu, seli za kutengeneza makovu hutangulia. Ukuta uliokuwa mwembamba hunenepa na kuwa mgumu, na sehemu ya kapilari haimei tena.

Kuna jambo moja ambalo hunivutia kila ninapolieleza. Panya waliowekwa kwanza kwenye oksijeni ya asilimia 85 kwa siku kadhaa hupoteza seli nyingi za endotheliamu, lakini wanaosalimika huongeza vimeng'enya vya kinga, na baadaye huweza kuishi kwenye oksijeni tupu inayowaua wenzao. Mwili hujifunza. Bahati mbaya hatujapata namna salama ya kumfundisha mgonjwa hivyo.

## Dalili na vipimo

Mtu huhisi nini?

Dalili ya kwanza huwa ni mwasho au maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, hasa anapovuta pumzi kwa nguvu, pamoja na kikohozi kikavu. Kwa oksijeni tupu huanza baada ya saa chache hadi siku moja. Watu hutofautiana sana. Kisha huja kushindwa kujaza kifua na kuhema. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwenye mashine hawezi kusema lolote kati ya haya, na ndiye mwenye oksijeni nyingi kuliko wote. Kwa ajili yake macho ya muuguzi ndiyo dalili.

Kipimo cha kidoleni kinasoma 100. Hiyo si habari njema?

Si lazima. Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alielewe. Kipimo hicho huonyesha himoglobini imejaa kiasi gani, na himoglobini ikishajaa haiwezi kuonyesha zaidi. Kanieneo ya oksijeni kwenye damu inaweza kuwa 110 au 500, kipimo kitasoma 100 kwa yote mawili. Kwa mtu aliyewekewa oksijeni, 100 ina maana kwamba huenda anapewa kuliko anavyohitaji na hatujui ni kwa kiasi gani. Jibu hutoka kwenye damu ya ateri, au kwa kupunguza oksijeni taratibu hadi kipimo kianze kushuka.

Kipimo hicho kina kasoro ya upande wa pili pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kipimo hakikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu, kwa sababu rangi ya ngozi huathiri usomaji. Kwa ngozi nyeusi, basi, 92 ya kidoleni inaweza kuficha kiwango cha chini zaidi. Dalili za mgonjwa zikipingana na namba, amini dalili na uombe damu ya ateri ipimwe.

Kuna picha au kipimo kinachothibitisha kwamba oksijeni ndiyo iliyoharibu?

Hakuna. Picha ya eksirei huonyesha ukungu mweupe pande zote mbili, sawa na wa nimonia kali au sumu ya damu. Hata kwenye hadubini sura ni moja. Kwa kuwa mgonjwa aliyepewa oksijeni nyingi huwa alikuwa na mapafu mabovu tangu mwanzo, ni vigumu sana kutenganisha kilicholetwa na ugonjwa na kilichosababishwa na tiba.

## Kwenye matibabu

Basi nimkatalie mgonjwa wangu oksijeni?

Hapana. Tafadhali usifanye hivyo. Upungufu wa oksijeni huharibu ubongo na moyo kwa dakika. Oksijeni iliyozidi huharibu mapafu kwa saa na siku. Mtu anayehema, aliyepoteza fahamu, au ambaye kipimo kimeshuka, apewe oksijeni mara moja, hata kwa kiwango cha juu kabisa. Kosa lililozoeleka ni kuianzisha kwa wingi kisha kusahau kuipunguza hali ikishatulia. Ukiwa ndugu, swali linalofaa kuwauliza wahudumu ni hili: "Lengo la oksijeni ya mgonjwa wetu ni ngapi, na ataanza kupunguziwa lini?"

Lengo linalokubalika ni lipi?

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Kifua cha Uingereza, unaofuatwa hata nje ya nchi hiyo, huweka usomaji wa kipimo cha kidoleni wa asilimia 94 hadi 98 kwa watu wazima wengi, na 88 hadi 92 kwa wale wanaoweza kujaza kaboni dayoksaidi kwenye damu (tazama swali la wenye ugonjwa sugu wa njia za hewa, hapo chini). Watoto njiti wana lengo lao.

Tafiti zinasema nini kuhusu kutoa oksijeni kidogo dhidi ya nyingi?

Zinasema mambo yasiyonyooka. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio 25 yenye wagonjwa zaidi ya 16,000 ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliopewa oksijeni kwa ukarimu bila kuihitaji. Kwa wagonjwa mahututi, jaribio moja la Italia la mwaka 2016 liliunga mkono oksijeni ya kiasi, lakini majaribio makubwa yaliyofuata, ya mwaka 2020 na 2021, hayakuona tofauti ya vifo. Jaribio la Ufaransa, lililoshusha lengo hadi 88 hadi 92 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyovuja, lilisimamishwa mapema kwa hofu ya usalama: upande wa oksijeni kidogo ulikuwa na wagonjwa waliokosa damu kwenye utumbo.

Ninavyoyasoma mimi, tafiti hizi hazisemi oksijeni nyingi haidhuru. Nyingi zililinganisha kiasi na kiasi kilichozidi kidogo, si kiasi na ile asilimia 100 ya siku tatu inayoharibu utando. Zinatuonya tusifuate namba ya chini kwa bidii hadi tumnyime mgonjwa.

Anayetumia oksijeni nyumbani ataharibu mapafu?

Kwa kiwango cha kawaida cha nyumbani, hapana. Mirija ya puani ikitoa lita 1 au 2 kwa dakika, mtu huvuta takriban asilimia 24 hadi 28, kwani oksijeni huchanganyika na hewa ya chumba. Hata kama mashine yenyewe hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90, haifiki kwenye kifuko ikiwa hivyo. Majaribio ya miaka ya 1980 na 1981 yalionyesha kwamba wagonjwa wa mapafu wenye upungufu mkubwa waliotumia oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku waliishi muda mrefu kuliko waliotumia kidogo au wasiotumia kabisa. Barakoa yenye mfuko ikiwa na lita 10 hadi 15 ndiyo inayoweza kukaribia asilimia 60 hadi 90. Hiyo ni ya dharura.

Vitamini C na E zinaweza kuukinga utando?

Wazo ni zuri, matokeo hayajaja. Radikali hutengenezwa ndani ya seli, sehemu maalumu, kwa kasi kubwa. Vitamini iliyomezwa haifiki pale kwa wingi na kwa wakati. Kinga inayofanya kazi kwa hakika ni moja: kupunguza oksijeni kadiri mgonjwa anavyoruhusu.

Mashine ya kupumulia inaongeza hatari?

Inaweza. Kila mvuto mkubwa wa mashine huvuta seli za ukuta, na vifungo vilivyokwisha kulegezwa na oksijeni hufunguka kwa urahisi. Mambo haya mawili yakikutana hudhuru kuliko kila moja peke yake. Ndiyo maana madaktari hutumia pumzi ndogo, mililita 6 hivi kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, na kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yapitishe oksijeni vizuri bila kuiongeza.

## Hali za pekee

Watoto njiti je?

Historia yao inauma. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 watoto njiti waliwekwa kwenye oksijeni nyingi kwa nia njema, na maelfu wakawa vipofu kwa sababu mishipa ya retina yao iliharibika. Oksijeni ikapunguzwa sana, upofu ukashuka, lakini wengine wakafa kwa kuikosa. Mwaka 1967 William Northway na wenzake walieleza ugonjwa sugu wa mapafu kwa njiti waliokaa kwenye mashine na oksijeni nyingi. Leo tunajua kapilari zao hushindwa kuendelea kuchipua, na bila kapilari vifuko navyo havigawanyiki.

Mwaka 2010 jaribio kubwa la Marekani lilinganisha lengo la 85 hadi 89 na la 91 hadi 95. La chini lilipunguza ugonjwa mkali wa macho, lakini vifo viliongezeka. Vituo vingi sasa hulenga 90 hadi 95. Mtoto aliyetimiza miezi akizaliwa akishindwa kupumua, huanzishiwa kwa hewa ya kawaida.

Kuna dawa au sumu zinazofanya oksijeni iwe hatari zaidi?

Mbili zinapaswa kukumbukwa. Bleomaisini, dawa ya saratani, hujeruhi mapafu kwa radikali, kwa hiyo aliyewahi kuitumia amwambie daktari wa usingizi kabla ya upasuaji wowote, hata kama miaka imepita. Ya pili ni parakwati, dawa ya kuua magugu. Aliyeimeza hujaza sumu hiyo kwenye mapafu, na kila molekuli ya oksijeni huigeuza kuwa kiwanda cha superoksaidi. Hapa madaktari huizuia oksijeni kwa makusudi, mpaka upungufu uwe mkubwa.

Kwa wenye ugonjwa sugu wa njia za hewa, tatizo ni lilelile?

Hapana, na watu huyachanganya sana. Kwao oksijeni iliyozidi hupandisha kaboni dayoksaidi ndani ya dakika chache, hasa kwa kuvuruga mgawanyo wa damu na hewa mapafuni. Mgonjwa husinzia na anaweza kupoteza fahamu. Utando haujavunjika. Ndiyo sababu lengo lao ni 88 hadi 92.

Wazamiaji na chumba cha kanieneo ya juu?

Kanuni ni ileile ya kanieneo na muda. Ndani ya chumba cha tiba oksijeni hufikia mara 2 hadi 3 ya kanieneo ya kawaida ya hewa, kwa saa moja au mbili, mara nyingi kukiwa na vipindi vya kupumua hewa ili mapafu yapumzike. Wazamiaji wanaokaa chini kwa siku na wiki hupewa mchanganyiko ambao kanieneo ya oksijeni yake haizidi sana nusu ya ile ya hewa yote ya usawa wa bahari. Hatari inayowaua wazamiaji upesi zaidi, hata hivyo, ni degedege, aliyoieleza Paul Bert mwaka 1878. Huja kwa dakika, mapafu yakiwa bado hayajaguswa.

Mlimani mapafu yakijaa maji, si ni utando uleule? Mbona hutibiwa kwa oksijeni?

Ni utando uleule, lakini umevunjwa kwa njia nyingine. Mlimani oksijeni ni chache, mishipa ya mapafu hujibana bila usawa, na damu husukumwa kwa nguvu kwenye kapilari chache zilizobaki wazi hadi ukuta unapasuka. Oksijeni huilegeza mishipa na kushusha msukumo. Kwa mgonjwa huyo dawa ni kumshusha mlima na kumpa oksijeni, na akishafika chini kipimo kikipanda, apunguziwe kama mgonjwa mwingine yeyote.